Sanaa ya Kuuliza: Historia ya Ushahidi wa Mashauri ya Madai katika Nchi ya Ugogo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu huelekea kwenye ngoma, nyimbo, mashairi, uchongaji na mavazi. Ni mara chache tunakumbuka kwamba namna jamii inavyoutafuta ukweli wa jambo, inavyomwuliza shahidi na inavyolipima neno lake, nayo pia ni sehemu ya utamaduni. Jamii isiyojua kuuliza haiwezi kujua kuamua, na isiyojua kuamua haiwezi kukaa kwa amani. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kazi hiyo ya kuuliza katika uwanda wa kati wa nchi yetu, hasa Dodoma na nchi ya Ugogo, na kuonyesha jinsi ilivyofika mikononi mwa mtu tunayemwita leo msaidizi wa kisheria.

Yafaa kwanza tueleze mipaka ya maneno yetu. Hatutasema juu ya wizi wala mauaji. Tutasema juu ya mashauri ya madai: mashamba, mifugo, mirathi, mahari na madeni. Katika jinai yupo askari wa upelelezi. Yeye huenda, huuliza, huandika na kukusanya vielelezo. Katika shauri la madai hapana askari wa namna hiyo. Anayedai ndiye atakiwaye kuthibitisha, hata kama hajui kusoma, hata kama shahidi wake anaishi mwendo wa siku mbili, hata kama karatasi yake iliungua pamoja na nyumba. Ndiyo maana mashauri mengi ya madai hushindwa kabla hayajafika mahakamani. Hushindwa siku ile ambayo hakuna mtu aliyeuliza swali lililopasa kuulizwa.

Mali isiyo na daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Walakini Wagogo wa kale walikuwa na mali nyingi bila daftari la karatasi, na mali hiyo haikuisha bila habari, kwa kuwa daftari lao lilikuwa ni watu.

Nchi ya Ugogo ni nchi ya ukame. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, na miaka mingine hukatika kabla uwele na mtama havijakomaa. Kwa sababu hiyo mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwawekesha baadhi yao kwa ndugu, kwa wakwe au kwa rafiki aliye mbali, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande wa pili usalie. Aliyewekeshwa alikunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake waliendelea kuwa mali ya mwenyewe. Peter Rigby, mtaalamu aliyechunguza maisha ya Wagogo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, alieleza kwa kirefu desturi hii, na jinsi kaya za Wagogo zilivyokuwa zikihama mara kwa mara kufuata malisho na mashamba mapya.

Sasa msomaji afikiri. Ng'ombe mmoja amewekeshwa. Amezaa, na ndama wake wamezaa. Aliyewekesha amefariki na aliyewekeshwa amehama. Watoto wa marehemu wanakuja kudai. Nani anajua ng'ombe yupi ni wa nani? Jibu lilipatikana kwa watu: jirani waliokuwapo siku ng'ombe alipokabidhiwa, na vijana waliomchunga, ambao walijua rangi yake, pembe zake, na uzao wake kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo makabidhiano yoyote ya maana yalifanywa mbele ya watu. Hali kadhalika mahari, ambayo ilitolewa na jamaa wengi na kupokewa na jamaa wengi, ili kila upande uwe na mashahidi wake.

Mgogoro ulipozuka, wazee na majirani waliketi barazani. Mamlaka ya mtemi yalihusu zaidi mvua, ardhi na matambiko. Mengi ya madai ya kawaida yaliamuliwa kwa mazungumzo ya watu waliojuana. Hapo palikuwa na nguvu moja kubwa: mwongo alisema uongo mbele ya watu waliomjua yeye, baba yake na zizi lake. Njia ya mwongo, kama tujuavyo, ni fupi. Na katika baraza la jirani ilikuwa fupi zaidi.

Hata hivyo tusiipambe jadi kupita kiasi. Baraza lilisikia vizuri sauti za wenye umri, wenye ukoo mkubwa na wenye mifugo. Mwanamke aghalabu alisemewa na baba, kaka au mume. Mgeni asiye na jamaa alikuwa na mashahidi wachache. Na baraza lilitegemea sharti moja, kwamba watu wabaki pamoja. Sharti hilo lilivunjika vibaya wakati wa njaa kuu ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, ambapo maelfu ya watu wa Ugogo walikufa au kutawanyika. Familia ilipotawanyika, daftari lake la watu lilichanika.

Boma na kalamu

Wakati huo utawala mwingine ulikuwa umekwisha ingia. Wajerumani walijenga kituo chao Mpwapwa, na reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Chini yao, na baadaye chini ya Waingereza, shauri lilianza kuondoka barazani na kuingia ofisini. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya uangalizi wa maofisa wa utawala. Mtu mpya akatokea: karani wa mahakama, mwenye kalamu, wino na kitabu cha mashauri.

Karani alileta faida kubwa. Neno lililosemwa Januari lilisomeka Desemba, na uamuzi haukutegemea tena kumbukumbu ya walioshinda. Lakini kalamu nayo ina hatari yake, nasi tungependa walimu waifahamu vyema, kwa kuwa ni hatari ya lugha.

Tuchukue mfano. Mzee anasimama na kueleza kwa Kigogo kwamba marehemu baba yake alimkabidhi jirani majike mawili ili ayatunze. Karani anaandika kwa Kiswahili: "Baba yake alimpa jirani ng'ombe wawili." Hapana neno la uongo katika sentensi hiyo. Lakini kupa ni neno pana. Mtu humpa mwenzake zawadi, humpa amana, humpa deni. Shauri likikatiwa rufani, ofisa ataisoma sentensi hiyo, labda katika tafsiri ya Kiingereza ambamo kupa kumekwisha kuwa kutoa bure, naye ataona kwamba ng'ombe walitolewa moja kwa moja. Kumbe neno lililohitajika lilikuwa alimwekesha. Neno la shahidi lilivuka mito miwili, na katika mto wa kwanza likapoteza nusu ya mzigo wake.

Si ajabu, basi, kwamba mmoja wa washairi wakubwa wa lugha yetu alitoka katika nchi hii na katika kazi hii. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alifanya kazi ya ukarani na ya mahakama, na ndiye aliyeieneza ngonjera, ushairi wa watu wanaojibizana hadharani. Kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kilichapishwa mwaka 1954, nacho kimejengwa juu ya masimulizi ya wazee. Kwake yeye, kuuliza, kusikiliza na kuandika kwa uaminifu zilikuwa kazi za mkono mmoja.

Uhuru, vijiji na makao makuu

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunda mahakama za mwanzo, ambamo hakimu alikaa pamoja na wazee wa baraza. Mwaka 1964 zikatolewa kanuni za ushahidi za mahakama hizo, zilizoandikwa kwa namna nyepesi kuliko Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 itumikayo katika mahakama za juu. Kanuni hizo zilieleza jambo ambalo mzee wa Kigogo angelielewa mara moja: katika shauri la madai hailazimu kuondoa kila shaka, inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito kuliko wa upande wa pili. Ni mizani.

Mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo kwa miaka mingi. Nia ilikuwa njema, yaani maskini asishindwe kwa sababu tu tajiri amekodi msemaji. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwananchi alibaki peke yake na shauri lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kamati yake ya msaada wa kisheria mwaka 1967. Lakini toka Dar es Salaam hadi vijiji vya Bahi au Kondoa ni mbali.

Wakati huohuo historia ilikuwa ikiongeza mashauri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamishia watu katika vijiji, wakaacha mahame na mashamba yao na kugawiwa mapya. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Shamba la uwele lililokuwa halina mnunuzi likawa kiwanja chenye bei. Basi watu walioishi pamoja miaka arubaini bila kuulizana mpaka wakaanza kuulizana, na mwenye karatasi akawa na sauti kubwa kuliko mwenye kumbukumbu.

Sheria ilijaribu kutuliza mambo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha kuwa halali ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa kuhamia vijijini, kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Sheria hiyohiyo ilibatilisha desturi yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kupata ardhi, na ikaagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, wasiopungua watatu wawe wanawake. Mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, yaliamua migogoro ya ardhi hadi mwaka 2021, yalipobakishiwa kazi ya usuluhishi tu. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyomtambua rasmi msaidizi wa kisheria: mtu aliyefunzwa, aliyesajiliwa, asiyetoza ada, na asiyejifanya wakili. Kazi yake ni kuelimisha, kumsaidia mtu kupata nyaraka, kumwelekeza penye mamlaka husika, na kuwashauri wanaogombana wapatane.

Kazi ya kuuliza yenyewe

Tuseme mjane wa kijiji kimoja kando ya jiji ametakiwa aondoke shambani. Mtu amekuja na hati ya mauziano. Mjane anasema: "Shamba hili ni letu tangu zamani." Msaidizi wa kisheria aanze wapi?

Aanze na adabu. Aingiaye katika ua wa watu bila salamu, bila kusubiri jibu la mbukwenyi yake, atajibiwa, lakini hataambiwa kitu. Kisha amwache mama aeleze habari yake yote toka mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, maana akatizaye mapema husikia shauri alilolitunga yeye mwenyewe. Baada ya hapo ndipo ajiulize: ni mambo gani hasa yanayobishaniwa? Je, ni nani aliyegawiwa shamba? Ni lini? Mpaka uko wapi? Aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza? Kila swali ni kijiti cha kutundikia ushahidi, na kijiti kisicho na ushahidi kionekane mapema.

"Tangu zamani" si tarehe. Lakini msaidizi asimwambie mama, "Ni mwaka 1974, sivyo?" Mama atasema ndiyo kwa heshima, na neno hilo halitakuwa lake, siku ya kuhojiwa na upande wa pili litavunjika kama kibuyu. Na amwulize hivi: "Mama, mlipohamia hapa, mtoto wako wa kwanza alikuwa amekwisha zaliwa?" Mama anajibu: "Alikuwa mgongoni." Cheti cha ubatizo cha mtoto huyo kinatafutwa, na kinaonyesha mwaka 1974. Sasa tarehe imepatikana, nayo imeangukia ndani ya ile miaka ya 1970 hadi 1977 ambayo sheria inailinda. Mtoto mgongoni amekuwa hoja ya sheria. Ndivyo wazee wetu walivyohesabu miaka, kwa njaa, kwa uzazi na kwa kuhama. Msaidizi hana budi kuijua kalenda hiyo na kuifikisha katika kalenda ya mahakama. Miaka ina uzito pia kwa sababu nyingine: dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12, na anayechelewa huweza kufungiwa mlango hata akiwa na haki.

Kisha majirani. Kila mmoja aulizwe peke yake, maana watu wakiulizwa pamoja, wa kwanza husema na waliosalia huitikia. Swali lisibebe jibu. Badala ya kuuliza, "Ni kweli marehemu aligawiwa shamba hili na kijiji?" aulize, "Shamba hili lilimfikiaje marehemu?" Na baada ya kila jibu lifuate swali fupi lililo mzizi wa kazi yote: "Umejuaje?" Mmoja atasema: "Nilikuwapo, tulipima kwa hatua toka kwenye mbuyu hadi ua wa minyaa." Mwingine atasema: "Niliambiwa na shemeji." Wote wawili waandikwe, lakini mbalimbali. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mazungumzo ya kawaida ni onyo jema. Katika ushahidi ni mtego. Sheria hutaka shahidi aseme aliyoyaona kwa macho yake na kuyasikia kwa masikio yake. Aliyeambiwa na shemeji anatuonyesha njia ya kwenda kwa shemeji, basi.

Wala idadi isimdanganye mtu. Sheria ya Ushahidi haitaki idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja aliyeona huweza kuwashinda kumi walioambiwa. Lakini shahidi muhimu asiachwe. Katika uamuzi wa mwaka 1984 Mahakama Kuu, ikiketi Tanga, ilieleza kwamba upande ukishindwa bila sababu kumleta shahidi wake muhimu, mahakama yaweza kuchukulia kwamba angesema maneno yasiyoupendeza upande huo.

Baada ya watu, mahali. Msaidizi afike shambani, apite mpakani kwa miguu, aone mbuyu uko wapi, makaburi yako wapi, minyaa ilipandwa mstari gani. Kisha karatasi: muhtasari wa mkutano wa kijiji, rejista ya ardhi ya kijiji, stakabadhi, hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo, na ile hati ya mauziano ya upande wa pili, iliyoandikwa lini na kushuhudiwa na nani. Na hapa ndipo uaminifu unapopimwa: atafute pia yale yanayompinga mama. Kama marehemu kweli aliuza kipande cha shamba, ni heri jambo hilo lijulikane leo uani kuliko kesho mahakamani, maana leo bado kuna nafasi ya suluhu.

Mwishoni aandike. Aandike maneno ya shahidi kama yalivyosemwa. Alimwekesha libaki alimwekesha. Kama shahidi amesema kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe na neno ni zito, liandikwe neno lenyewe kisha maana yake. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mto mmoja umekauka. Lakini ule wa kwanza, utokao katika lugha ya nyumbani, bado unavukwa kila siku. Maelezo yasomwe mbele ya shahidi, arekebishe anapotaka, atie sahihi au dole gumba, na tarehe iwekwe. Shahidi mzee aandikwe mapema, na ajue kwamba maandishi hayo hayachukui nafasi yake mahakamani, atakapoitwa, afike.

Yako pia mambo ambayo msaidizi hafanyi. Hamfundishi shahidi la kusema. Hatoi ahadi ya ushindi. Hapokei mbuzi wala pesa. Hatangazi kilabuni aliyoyasikia uani. Na kama mmoja wa wagombanao ni ndugu yake, hukabidhi shauri kwa mwenziwe.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Msaidizi wa kisheria, basi, amerithi vitu viwili. Toka kwa mzee wa baraza amerithi kuwajua watu, mahali na kalenda ya kumbukumbu. Toka kwa karani amerithi kalamu. Akikosa cha kwanza, ataandika vizuri mambo matupu. Akikosa cha pili, atasikia mambo mazito yatakayopotea njiani. Na jambo moja amelipata ambalo wote wawili hawakuwa nalo kwa ukamilifu, nalo ni wajibu wa kumsikiliza mwanamke, mgeni na asiye na ukoo kwa uzito uleule.

Tunawaomba walimu wa Historia, Uraia na Kiswahili waifanye kazi hii kuwa zoezi la darasani. Kila mwanafunzi na aende kwa mzee wa kijijini au mtaani kwake, amwulize jinsi familia yake ilivyofika mahali inapoishi. Aandike kwa safu tatu: aliyoyaona mzee, aliyoyasikia, na anayoyadhani. Kisha atafute karatasi moja na mti mmoja vinavyothibitisha. Atagundua kwamba safu ya kwanza ni fupi kuliko alivyotazamia, na kwamba ili kuirefusha hana budi kurudi na kuuliza tena, kwa heshima, na mapema. Wale walioona ugawaji wa mashamba ya mwaka 1974 wamekwisha kuwa wazee, na mashamba mengi ya Ugogo hayana shahidi mwingine ila wao.